Fremu ya Kuteremkia Kibakwe

Jumapili, 29 Agosti 1993
Fremu ya baiskeli imepasuka tena. Shingoni, pale pale palipochomelewa mwezi wa sita. Leo nimeteremka Kibakwe kufuata sukari, na njia nzima usukani unavuta kushoto kama punda aliyeona maji.
Mke wangu Frida ana mimba ya miezi minane. Mganga wa zahanati karudia Ijumaa: mtoto amekaa vibaya, asijifungulie huku juu. Ateremshwe Kibakwe apate gari la Mpwapwa. Ateremshwe na nini? Na hii? Hii ndiyo iliyomwangusha mwaka jana! Jiwe moja tu, usukani ukanichopoka, mke wangu akalala ubavu njiani na mimba yake. Mtoto alizaliwa kesho yake. Hakulia.
Ndugu zake walisema ni kazi ya Mungu. Mimi nasema ni fremu. Au ni mimi. Heri iwe fremu.

Alhamisi, 2 Septemba
Mwalimu mkuu kanipa ruhusa mpaka Jumapili, kwa shingo upande. Mtihani wa darasa la saba umekaribia. Naenda Dodoma kutafuta fremu nyingine.
Frida kauliza kwa nini tusiteremke sasa hivi kwa miguu, polepole, tukangojee Mpwapwa. Nikamwambia Mpwapwa hatuna mtu. Atalala wapi, nani atampikia? Tutaondoka tarehe 13, kwa baiskeli nzima. Akarudi kupepeta unga wake. Hajakubali. Namjua.

Jumamosi, 4 Septemba. Dodoma
Zamani ukitaka baiskeli unaandika barua, unangoja kibali, unazeeka. Sasa hapa mtaa wa Kikuyu zimetundikwa kama nyama buchani. Mitumba ya kila rangi. Soko huria! Kila kitu kipo, na mimi nimesimama mdomo wazi kama mshamba niliye.
Fundi ni mzee Abdulrazaki. Nikamwamkia shikamoo, akanipa kigoda. Akaweka fremu mbili mbele yangu. Ya kwanza nyeusi, ndefu, nzito, ya kizamani. Ya pili nyekundu, fupi, mabomba manene, mtumba wa Japani. Hii wenzetu wanapandia milima kwa raha zao, kasema, inakata kona kama mbuzi.
Akaniuliza nabeba nini nyuma. Nikajibu mzigo. Mzigo gani? Gunia. Basi chukua nyekundu, kasema, ufunge gunia lako katikati, hutajuta.
Kwa nini sikumwambia? Habari za mimba ya mke wangu, kwa mwanamume nisiyemjua, dukani, watu wamekaa wanasikiliza — mdomo ulikataa. Kwetu hayasemwi. Hata hivyo uzito ni uzito.
Kachomelea keria yangu ya zamani. Fremu iliyopasuka nimemwachia, chuma chakavu.

Jumatatu, 6 Septemba
Baada ya vipindi nimefunga gunia la mahindi kwenye keria, nikateremka hadi kwenye jiwe lile la mwaka jana. Pale penyewe. Nikapita — haikutikisika hata kidogo! Nikapiga kelele peke yangu kama mwehu.
Jioni nimekula nikashiba. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Jumanne, 7 Septemba
Frida kapanda. Uwanja wa shule, tambarare, si mteremko hata. Kakaa kama wanawake wote wanavyokaa, miguu yote upande mmoja. Sikufika hatua kumi. Gurudumu la mbele linanyanyuka, usukani unakimbia, baiskeli yote inalala upande wa miguu yake. Nimemdaka kiunoni.
Gunia halina miguu! Gunia linakaa katikati. Mjinga mkubwa mimi.
Nikamwomba akae kama wanaume, miguu huku na huku. Na tumbo hili, kasema, na nyonga hizi? Hata pasipokuwa na mtu wa kunitazama, Mwalimu, siwezi. Kisha akacheka kidogo, akanipangusa vumbi shatini. Angenitukana ningepumua.

Jumatano, 8 Septemba
Fremu ndefu iko Kikuyu, imetundikwa. Gurudumu lake la nyuma liko mbali na tandiko, mtu anakaa upande vizuri tu. Mzee yule angeniambia. Nilichotakiwa kusema ni "mke wangu".
Huku juu baiskeli ndefu ni ya katekista Gideoni peke yake. Yuko Mpwapwa kwenye semina hadi Jumapili, na baiskeli kaenda nayo.
Ngoja Jumapili. Ngoja tu. Nimechoka kujichukia.

Ijumaa, 10 Septemba. Saa nne asubuhi, njiani
Chupa imepasuka alfajiri. Mapema mno! Wanaume wa kubeba machela wote wako mnadani. Tumetoka watatu: Frida, Bi Anastazia mkunga, na mimi nasukuma baiskeli. Tulijaribu kumkalisha, kwa kila jiwe baiskeli inamlalia. Akashuka, akatembea, mkono kwenye tandiko. Nusu ya mteremko akasema hawezi tena.
Bi Anastazia kafunga kanga mbili kwenye miti, kanifukuza kama ilivyo desturi. Nimekaa nyuma ya kona na baiskeli. Naandika ili mikono isikae bure.
Namsikia Frida. Halii, anaguna.
Bi Anastazia kapaza sauti: mguu umetangulia, Mwalimu! Panda, kimbia Kibakwe ukamlete nesi, mimi peke yangu sitaweza!
Frida kasema nisiende. Kaniita jina langu, si Mwalimu. Usiniache hapa, kasema.
Bila mtu nyuma ni nusu saa. Fundi hakunidanganya, nikiwa peke yangu fremu hii inateremka vizuri sana.
Nenda, kasema Bi Anastazia. Usiende, kasema Frida.
Nimeshapanda. Daftari liko juu ya usukani. Mguu mmoja uko kwenye pedeli, wa pili bado uko chini.