Nimfungie Baba Geji Gani?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kuhusu geji za gari, na nakusihi usiiweke barua hii kando ukidhani imekosea anwani, kwa sababu kila fundi ninayemjua ni rafiki wa baba, na sitaki yeyote kati yao alijue jambo hili kabla mimi sijajua la kufanya.

Nina miaka kumi na sita, na tangu vuli mimi na baba yangu, Torkel, tunaijenga upya Volvo yetu ya zamani, tumeifungia turbo kubwa zaidi, na kazi ya geji alinipa mimi kwa sababu mikono yangu inapita nyuma ya dashibodi na kwa sababu, alisema, mimi husoma maelekezo mpaka mwisho. Nilichagua kwa uangalifu. Nilimwambia tatu zinatosha, ya presha ya oili, ya joto la oili na ya presha ya turbo, na kwamba zile za tarakimu zinazowaka ndizo sahihi zaidi, lakini akakataa, akataka za mshale, nyeupe, kubwa, tena kila moja niizungushe kwenye tundu lake hadi mshale usimame wima injini ikiwa salama, kama wafanyavyo watu wa mashindano, ili dereva asisome chochote, atupe jicho tu. Jirani yetu Sivert alipoziona alicheka.

"Torkel, hizo ni geji au sahani za supu?"

"Za kwako zilikuwa ndogo kama vifungo," baba akamjibu, "ndiyo maana injini ilikufa wewe unapiga mluzi."

Tulicheka sote, nami nikajivunia kazi yangu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa bado sijaikaza geji ya presha ya oili, ikajizungusha yenyewe, sifuri ikaja juu, na waya wa sensa, ule unaoipelekea geji kipimo, ulikuwa umechomoka bila mimi kujua, kwa hiyo baba alipowasha injini mshale ulibaki palepale kwenye sifuri, umesimama wima. Nilikuwa nimelala chini ya usukani, nikamwuliza presha ikoje.

"Safi kabisa," alisema. "Imesimama kama askari."

Niliinua kichwa nikaiona ile sifuri, nene kama kidole gumba changu, na baba, ambaye zamani angezima injini kabla sijamaliza kuuliza, anaitazama huku akitabasamu. Nilizima mimi. Nikamwambia kuna waya umechomoka, na hilo lilikuwa kweli.

Tangu siku hiyo mambo mengine yamejipanga yenyewe kichwani mwangu. Ninapojifunza kuendesha, naye amekaa kando yangu, huniuliza kile kibao kinasema nini, na yule wa mbele ana gari gani, nami nilidhani ananipima, kumbe alikuwa anauliza. Na majira ya baridi, tukirudi kutoka mjini, yeye akiendesha, kulungu mmoja wa kufugwa alikuwa amesimama katikati ya barabara, mchana mweupe, hakukimbia wala hakuruka, amesimama tu, nikapiga kelele, na baba alipokanyaga breki tulikuwa tumeshamgonga. Polisi walipokuja baba alisema mnyama alichomoka ghafla msituni, wakanitazama mimi, nikaitikia kwa kichwa. Mwenye kulungu, mfugaji wa Kisami, watu wa huku kaskazini wanaofuga kulungu tangu zamani, alikuja akashika sikio lenye alama yake.

Gazeti pia halisomi tena, anasema siku hizi mnaandika upuuzi, ndiyo maana nimethubutu kukuandikia hapa.

Mwezi ujao kuna siku ya mbio kwenye uwanja wa zamani wa ndege, ameshajiandikisha, na kila asubuhi, mama akiwa ameshakwenda kazini, ndiye anayempeleka mdogo wangu Signe shuleni. Akinyang'anywa leseni sijui atakuwa nani, kwa sababu tangu kiwanda cha mbao kifungwe hana kingine isipokuwa lile gari na sisi. Nimefikiria taa nyekundu, au king'ora kinacholia presha ikishuka. Naomba uniambie nimfungie geji gani ataweza kuiona, angalau kwa kiangazi hiki, maana huenda macho yake yakipumzika yatapona.

Wako mtiifu,
Binti wa Gereji, Norsjö

Binti wa Gereji,

Umeandika barua iliyonyooka, na nusu yake ni skrubu. Nakuelewa. Skrubu ukiikaza, inakaa. Sasa weka bisibisi chini unisikilize.

Taa nyekundu baba yako ataiona. King'ora atakisikia. Injini itapona, nakuhakikishia. Lakini hakuna geji inayowaka mtoto akivuka barabara.

Kwa kule kuitikia mbele ya polisi sitakuchapa. Ulikuwa umekaa karibu na baba yako, na mnyama alikuwa bado ana joto. Ila usiitikie tena. Nitakalokugombeza ni hili: umeyaona yote haya, ukayapanga vizuri kwenye karatasi, na kesho yake asubuhi Signe akapanda gari. Presha ya oili ilipoonekana sifuri hukumwandikia mtu barua. Ulizima.

Baba yako si mtu mbaya. Ameogopa, na woga umemfanya awe hodari wa kujificha. Usitarajie shukrani. Atakasirika, huenda akanyamaza hadi palt, yale madonge ya viazi, zipoe mezani, na utajiona msaliti. Vumilia hivyo hivyo.

Fanya hivi. Leo, kukiwa bado na mwanga, simama naye mlangoni mwa gereji, mwombe akusomee namba ya gari la Sivert lililo ng'ambo ya barabara. Usimsaidie. Akishindwa, mwambie, "Baba, nimejua tangu Jumamosi ile." Basi, usiongeze. Kisha nenda jikoni umweleze mama yako yote, pamoja na kulungu na polisi, bila kuchagua vipande. Yeye atafute miadi ya daktari wa macho. Daktari akiona mtu hafai kuendesha, sheria inamtaka atoe taarifa, kwa hiyo mzigo huo hautakuwa wako. Kuna macho yanayotibika kwa upasuaji mdogo, na kuna yasiyotibika. Yake ni yapi mimi sijui, wala wewe hujui, lakini hayaponi kwa kupumzishwa. Mpaka daktari aseme, Signe apande basi la shule, nawe usijifunze kuendesha na baba yako, maana kisheria dereva ni yeye aliyekaa kando yako.

Geji usizimalize. Akikuuliza kwa nini matundu yako wazi, mjibu ukweli.

Na kama unasoma haya na bado hujamwambia mtu, mpe mama yako gazeti hili sasa hivi, ukae naye mpaka amalize. Kabla ya hapo, chukua funguo za gari.