Siku Panya Alipokubali Watoto Sita

Mama mpendwa,

Leo dada Neema amenicheka kwa kunawa mikono kupita kiasi, nami nikakukumbuka wewe na panya wako weupe.

Mwaka ule wa vita wewe ulinipokea nilipokimbia kutoka Kpandroma, nikiwa sina mtu mwingine. Maabara yenu ilikuwa imefungwa kwa sababu ya risasi, ukahamishia masanduku ya panya wa utafiti nyumbani kwako, mtaani Mbunya, kando ya magunia ya makaa. Nilikuwa mgeni mwenye adabu ya kuchosha! Nilinawa kila saa, nilikula kidogo, nilikuita "Madame".

Asubuhi moja panya mmoja alikufa, akaacha vitoto sita vyekundu, havina hata unyoya. Ndivyo vilivyokuwa mbegu ya mwisho ya ukoo ule wa panya. Kwa vita vile hakukuwa na ndege ya kukuletea wengine. Ukanituma niviweke kwa panya mwingine aliyekuwa akinyonyesha. Nami, kwa usafi wangu, nikanawa kwanza kwa sabuni yako ya manukato. Yule panya alivinusa, akavisukuma nje kimoja kimoja. Nililia, nikidhani nimeviua.

Hukunigombeza. Ulicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka.

"Weye! Umewapakaa sabuni ya kanisa! Mama ya panya hawezi uliza mutoto ametoka wapi. Iko anatafuta tu harufu ya nyumba yake."

Ukachota maranda ya mbao yaliyonuka mkojo wa yule panya, ukanisugua nayo mikono, kisha tukavisugua vitoto taratibu na kuvichanganya na vyake. Tukakaa sakafuni, Neema katikati yetu, hatukohoi. Panya akanusa. Akanusa tena. Halafu akabeba kimoja kwa mdomo, akakificha chini ya tumbo, akarudi kuchukua cha pili. Cha sita kilipoingia ulipiga vigelegele, vita au si vita, majirani wakaja kuuliza nani amejifungua.

Neema akaninusa mikono. "Sasa na weye iko unanuka kama siye. Acha kunawa kama mugeni."

Nikacheka, nikasema, "Mama, niko na njaa." Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kukuita hivyo. Uligeukia sufuria haraka, lakini niliona unafuta macho.

Nina hamu nawe, Mama, na bado nikikukumbuka nacheka. Watu wakiniuliza mimi ni wa nani, nataja jina lako, sielezi zaidi.

Pumzika vizuri huko ulikotangulia.

Mtoto wako,
yule anayemfuata Neema