Jina Tulilopewa Ungoni

Mang'ola, Karatu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na Mama, ameacha ubishi akaenda hospitali na ule mguu, au bado anasema utapona wenyewe? Mimi ni mzima, ila vumbi la huku, jamani! Nikikohoa asubuhi nadhani nimemeza barabara nzima. Samaki wa huku wananuka tope. Mbasa wa ziwa letu hapo Lundo nawaota.

Kazi ya uuguzi kwa hawa wataalamu wa ng'ambo inaendelea. Nawatoa Wahadzabe, wale wawindaji, damu kidogo, kila anayekubali. Wataalamu wanachunguza vinasaba, yaani yale mambo ya ndani ya damu tunayorithi kwa wazazi, wajue watu hawa wana uhusiano na nani, maana inasemekana walikuwa nchi hii kabla sisi wakulima hatujafika.

Majuzi mama mmoja wa Kihadzabe, alikuwa anachoma mizizi, aliniuliza, "Damu yangu mtaiuliza nini?"

Nikasema tutaiuliza umetoka wapi. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Si uniulize mimi! Nimetoka kilima kile. Na wewe?"

Nikajitaja kwa jina la ukoo, kwa madaha kabisa, kama tunavyojitaja nyumbani.

"Hilo ni jina," akasema. "Mimi nimekuuliza ulikotoka."

Baba, niliinama nikaendelea kufunga chupa zangu za damu. Nilikuwa nimepokea barua ya mdogo wangu Agnesi wiki ileile, na roho ilikuwa inaniuma tayari.

Anasema umewarudisha washenga wa Kastori waliokuja kumposa. Shangazi amekuja kutoka Chiwanda kupiga kelele kwamba watu wa jina moja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Mdogo wangu hali chakula vizuri, na Kastori anafunga karakana yake ya mashine za boti pale Mbamba Bay arudi kwao Songea. Nimeambiwa pia kwamba baba yake Kastori aliuliza swali moja tu: "Sisi ni Wangoni, ninyi ni watu wa ziwani. Jina letu mlilipataje?" Mkiwaeleza, posa inaendelea. Ukainuka ukaenda kutazama nyavu.

Mimi jibu ninalo, Baba, na wewe unalo. Bibi alinisimulia nilipokuwa namuuguza. Babu mzaa babu alitekwa na Wangoni hapo ufukweni akiwa mtoto, akakulia kwao, wakampa jina la mzee aliyemchukua. Alipopata nafasi ya kurudi ziwani, alirudi nalo. Bibi aliniapisha nisimwambie mtu, kwa sababu kuitwa mjukuu wa mateka ilikuwa aibu. Marehemu anisamehe, sasa naona kunyamaza huko kunamuua Agnesi.

Nilitafuta njia ya kukuepusha. Nilimwomba daktari wetu apime damu yangu na ya Kastori, ili yeye ndiye aseme. Akaniambia ya kwangu haifai, kwani alama inayotoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume sisi wanawake hatuibebi. Labda achukue yako na ile ya Kastori. "Na hata nikikuta hamlingani," akasema, "nitawaambia hamlingani tu. Nani alimpa nani jina, damu haina habari." Mashine zote zile! Nilirudi hemani nikalia.

Sasa nakuomba wewe. Najua utasema hata aliyelelewa ni ndugu. Kweli, huyo mtoto alikuwa ndugu wa waliomlea, wala silikatai jina. Lakini Agnesi na Kastori hawakulelewa nyumba moja, na baba yake Kastori mwenyewe ametufungulia mlango. Mtoto kutekwa ni kosa la mtoto? Aibu ni ya nani hapo? Usiitishe baraza, wala usimngoje Shangazi apoe, huyo hapoi. Mpigie hodi mzee mwenzako, mkae wawili, umweleze. Ukishindwa, nitaomba ruhusa nije nimweleze mimi, na watu waseme binti yako hana adabu. Nitavumilia.

Nasikia kahawa huko Mbinga siku hizi kila mwenye gari ananunua. Mwambieni Mjomba asimuuzie wa kwanza anayepiga honi. Msalimie Mama, umwambie hospitali si jela. Msalimie Shangazi pamoja na hasira zake, na mchungaji wetu, na kaka zangu wa kwa Baba Mdogo. Agnesi umkumbatie kwa ajili yangu.

Tangu nijue kushika kalamu nimesaini kwa jina la ukoo. Leo nasaini hivi, Baba:

Mwanao Edina,
kitukuu cha mtoto aliyetekwa Lundo.