Mkato wa Sentimita Ishirini

Binti yangu mpendwa,

Huku hatujambo. Mama yako kapata miwani mipya, sasa anasoma hata maandishi ya kwenye dawa ya meno.

Tangu uondoke nimekuwa nikisoma daftari lako la hesabu karakanani, kabla wateja hawajafika. Mwezi mzima sikuambulia kitu. Kisha nikaelewa: derivativu inaniambia ujazo wa tangi unaongezeka kwa kasi gani kadiri ninavyokata pembe za bati zaidi kabla ya kukunja pande. Ikifika sifuri, ujazo umefika kileleni.

Nikachukua bati la mraba, sentimita mia na ishirini kila upande. Nikaandika kanuni ya ujazo, nikateremsha vipeo mbele na kupunguza moja moja, kama ulivyoonyesha daftarini, kisha nikaiweka sawa na sifuri. Yakaja majibu mawili: sitini, ambayo haibakizi bati la kukunja, na ishirini. Miaka thelathini nimekata kumi na tano.

Nikaunda matangi yote mawili, mama yako akapima maji. La ishirini lilizidi kwa lita sita na nusu.

"Sasa mwandikie," akasema. "Na usimfiche kitu."

Basi sifichi. Siku ile uliniambia ishirini, nami nikakufukuza karakanani mbele ya wateja. Ulikuwa sahihi, mwanangu, na mimi nilikukosea. Leo wateja wakiniuliza nani kanifundisha mkato huu, nawajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: binti yangu.

Mwanafunzi wako mkongwe,
Baba