Dang'a ya Kijivu

Dada yangu Mize,

Shikamoo. Nimetanguliza shikamoo kwa sababu wewe mkubwa wangu, lakini maneno yanayofata hayana adabu hiyo. Umekaa mno, dada. Kila mwaka unanambia karafuu. Karafuu zikisha, unanambia mjukuu anaolewa. Mjukuu kesha olewa, kesha zaa, na wewe bado umekaa Wete na goti lako. Goti gani hilo linalokwenda mpaka Konde kwenye maulidi, likitajiwa ndege likauma? Mie nakuwekea chumba, nafukiza mashuka kwa udi, yanakaa mpaka yanapoteza harufu, nayafua, nafukiza tena. Nimechoka kufukiza mashuka yasiyolaliwa.

Haya. Hujambo lakini? Kifua kimekuachia? Ile dawa ya kuchua niliyompa mtoto wa marehemu kaka akuletee, unaitumia au umeiweka juu ya kabati uwaonyeshe wageni? Sie huku wazima. Baridi imeingia huku ng'ambo, mtaani kwetu Hail, viyoyozi tumevizima, tunalala na mablangeti. Mwanangu Salma yumo kazini kwake Wattaya, kwenye maduka ya magari, anarudi jioni kavimba miguu. Nnamkanda kwa maji ya chumvi kama alivyokuwa akitukanda mama.

Barua hii anaiandika Mwanaidi, huyu msichana wa Tanga anaetusaidia nyumbani. Mie nnasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asinipambie hata neno moja. Anakwenda kwao likizo, atakufikishia. Kwenye simu sikutaka. Salma yuko pembeni anasikiliza, na wewe ukisikia sauti yangu utanihurumia. Huruma nimeshapewa ya kutosha, dada, ndo inayoniua.

Nna aibu. Acha nikuhadithie mpaka mwisho kisha useme utakalo.

Nilikwambia kuwa mkwe wangu Seif, mume wa Salma, ana shamba nje ya Sib na kaleta wanyama wanaitwa alpaka. Hujapata kuwaona. Shingo ya ngamia, manyoya ya kondoo, macho ya bibi harusi aliyelia. Asili yao nchi za milima ya baridi, basi wakati wa joto Seif anawanyoa, anawawekea feni na maji ya kunyunyiza, wanalala chini ya kivuli kama mabwana shamba. Nilimcheka. Nikamwambia, "Baba, watu wanafuga mbuzi wakala, wewe unafuga vitu vya kutizamwa." Akacheka na yeye, akanambia nisubiri nitawapenda.

Na kweli niliwapenda. Nikawa kila asubuhi nachukuliwa shamba na Mwanaidi. Wanyama hawa wana heshima, dada, hawanyi ovyo. Kundi zima lina pahala pamoja pa kwendea haja, kama watu wenye choo. Seif anataka mavi yazolewe kila siku na yapelekwe mbali na majani wanayokula, kwa sababu ya minyoo. Yai la mnyoo linatoka na mavi, linakaa kwenye majani, mnyama analila tena. Mie hilo nikalishika khasa. Nikawa nasimamia fagio mwenyewe.

Kisha kuna jike mmoja, tumemwita Kijivu kwa rangi yake, alikuwa na mimba. Nikamtizama siku moja nikaona manyoya yamemficha, lakini ukitia mkono mgongoni, mifupa. Nikamvuta kope ya chini kama alivyokuwa mama akiwavuta mbuzi. Nyeupe, dada, kama karatasi. Nikamwambia Seif mnyama huyu ana minyoo, damu yake inanyonywa. Wakachukua mavi yake wakampelekea daktari wa wanyama, mwanamke wa Kisudani, akayatizama kwenye mashine yake, akasema bibi kasema kweli. Mie nilitaka wote wanyweshwe dawa siku ile ile, kikombe kimoja kimoja. Daktari akakataa. Akasema dawa inapimwa kwa uzito wa mnyama na anapewa anaeihitaji, ukibahatisha kidogo kidogo minyoo inazoea, halafu siku ya haja dawa haiwi kitu. Kijivu akapewa yake, ile inayofaa mwenye mimba, na kope zikarudi kuwa nyekundu.

Baada ya hapo n'kwambie uongo? Nilivimba kichwa. Seif akawa anawaambia wageni kwamba shamba hili daktari wake wa kwanza ni mama. Na mie nawajibu wageni kama niliyesoma Misri.

Sasa sikiliza. Kijivu alikaribia kuzaa, na Seif akaitwa kazini Suhar. Aliniachia maneno kwenye simu, sauti yake mwenyewe. Kitovu cha mtoto kitiwe dawa ile ya rangi ya kahawia. Mama na mtoto waachwe pamoja wanusane. Tuangalie mtoto kasimama, kanyonya. Na chuchu zisiguswe na mtu. Hapo penye chuchu mie nilishaiweka simu chini. Nikasema, mwanamme huyu atanifundisha uzazi mie, niliyezaa saba.

Akazaa asubuhi, jua limeshapanda, bila ya taabu. Mtoto jike, miguu mirefu kama fimbo za mwavuli. Kitovu nikakitia dawa vizuri. Nikangoja mama amrambe. Hakumramba. Anamzunguka, anamnusa, anaguna "mmm, mmm" kama mtu anaetafuta kitu kapoteza, lakini ulimi hatoi. Nikasema huyu kamkataa mtoto wake. Kumbe, dada, alpaka ndivyo walivyo, ulimi wao hautoki kuramba, kule kuguna ndo kumbusu. Mie nikamchukua mtoto, nikampangusa, nikamfunga kwenye kanga yangu, nikaingia nae ndani. Nikatafuna tende nikampaka kwenye kaakaa, kama mtoto wa mtu.

Kisha nikarudi kwa Kijivu na kikombe.

Unajua nilichokifuata. Wewe ndo mtu pekee aliyebaki duniani anaejua. Mama alikuwa mnyama akizaa anakama ile dang'a, maziwa ya mwanzo mazito ya njano, anasema yakimfika mtoto mapema yanamvimbisha tumbo. Anayapika kwa sukari na iliki yanaganda, na sie tunakaa kwenye kizingiti na vijiko. Mbuzi wetu walikuwa na maziwa mengi, basi kilichobaki kilimtosha mtoto, na sie tukaona mama kasema kweli. Huyu Kijivu chuchu zake kama za paka. Mwanaidi kamshika shingo, mnyama anatutemea majani, na mie nakama mpaka tone la mwisho. Kikajaa kikombe cha kahawa tu. Nikatia na maziwa ya mbuzi, nikapika.

Mchana akaja jirani wa shamba, Bi Shamsa, mwenye mbuzi wengi, kuja kutoa hongera ya uzazi kwa mchezo. Akauliza kama ni halali. Nikamjibu huyu binamu yake ngamia, kula. Akala, akasifu, akaramba kijiko. Na mie nikala, dada. Ilikuwa tamu. Nilifumba macho nikajiona Wete.

Mtoto nilimrudisha kwa mamake baada ya adhuhuri. Akasimama, akatafuta chuchu, akavuta, akavuta, akachoka. Akalala ubavu. Nikasema analala usingizi wa tende.

Seif karudi alasiri. Hata viatu hakuvua, kaenda moja kwa moja bandani. Akapiga magoti, akamtia mtoto kidole mdomoni, nikamuona anabadilika uso. "Kinywa chake baridi," akasema. Kisha akanigeukia: "Mama, kanyonya?"

Nikamwambia, "Kanyonya."

Neno lile lilitoka lenyewe, dada, na likishatoka sikuweza kulirudisha. Daktari akaitwa, akaja jua linapunga. Akampima mtoto, akauliza kama alipata maziwa ya mwanzo. Akaeleza kuwa mtoto wa alpaka anazaliwa hana kinga hata chembe, kinga yote imo katika maziwa yale, na tumbo lake linaipokea siku ile ya kwanza tu, kisha mlango unafungwa. Seif akamjibu kabla yangu: "Mama alikuwepo. Mama anasema kanyonya."

"Basi tutafute maradhi mengine," akasema daktari, akafungua mkoba wake kutafuta sindano.

Nilimtizama Seif. Kasimama kifua mbele kwa neno langu. Hakuniuliza mara ya pili, hakumuuliza Mwanaidi. Bi Shamsa kakaa pale pale na kahawa yake, Salma ndo kwanza anashuka garini. Na mtoto anahema kama kuku aliyemwagiwa maji. Nikaona nikinyamaza huyu anakufa, na atakufa kwa ajili ya uso wangu.

"Hakunyonya," nikasema. "Dang'a nimeikama mie. Tumeila."

Kisha Bi Shamsa akaweka kikombe chini. "Raya, mbona hukunambia una hamu nayo? Ningekupa ya mbuzi, ule mpaka uvimbiwe." Akainuka na uzito wake wote, akaenda kwake, kwa mbuzi wake aliyezaa siku ile ile, akarudi na chupa. Daktari akasema ya mbuzi inafaa. Mtoto hana nguvu ya kunyonya, basi wakampitishia mpira mwembamba mpaka tumboni, kidogo, wakangoja, kidogo tena. Salma kamkumbatia kwa blangeti. Mie nimesimama mlangoni, sikuwa na pa kuweka mikono.

Kapona. Alfajiri alikuwa kasimama, chuchu mdomoni, mkia juu. Daktari akaja tena akamtoa damu kuitizama, akasema kinga imeingia, si nyingi lakini itamfikisha. Sasa anapimwa uzito kila siku na anapanda.

Ungedhani nimefurahi. Nimefurahi, Mungu anajua. Lakini, dada, hakuna aliyenigomba. Seif alinibusu kichwa akasema imekwisha, mama. Salma anawaambia watu kwamba mama alikuwa kachoka. Nikitaka kwenda shamba naambiwa pumzika mama, leo upepo. Keshoye naambiwa leo jua. Fagio kashika mwengine. Siku niliyokwenda kwa nguvu, Kijivu aliponiona alimsukuma mtoto upande wa pili wa mwili wake, akanikazia macho. Huyo peke yake ndo aliyenambia ukweli. Seif anataka nimpe mtoto jina, nimemwambia bado. Nitampaje jina mtu niliyemnyima riziki yake ya kwanza, kisha nikakanusha?

Kula nilikula kwa ujinga, na ujinga ule tulilishwa sote wawili kizingitini. Lakini lile "kanyonya" sikufundishwa na mama. Lile langu.

Nisalimie shemeji yangu, mwambie aache kuzurura na kikohozi chake. Nisalimie mke wa mtoto wa kaka, yule wa mikate ya ufuta, na mkwe wako fundi cherehani, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyewasomesha wanangu. Mwambie mwalimu aniombee, asiulize kwa nini. Wajukuu wote wabusu, na yule mdogo mwenye jipu mpe mabusu mawili.

Na wewe njoo. Wakubwa zangu wote wamekwenda mbele za haki, umebaki wewe, na huku kila mtu ni mwanangu au mkwe wangu, hapana anaethubutu kunigomba. Ukishuka ndege usikubali kupelekwa nyumbani kula. Waambie wakupitishe shamba kwanza, na baibui lako, na goti lako. Nitakuwa nimesimama kwenye banda. Usinikumbatie. Nigombe kwanza, kwa sauti, mbele ya Kijivu, mpaka asikie. Kisha umpe mtoto jina.

Mdogo wako,
Raya