Saa Niliyoiandika Kwenye Paji la Uso

Chumba cha Nne,
Nyumba ya nyuma ya mashine ya kusaga.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za Mama, ambaye yuko hapa pembeni anachambua maharage na kuniuliza kila baada ya mstari nimekuandikia nini. Hujambo? Mgongo ulioumia siku ile ya kuinua jenereta umepona, au bado unajitia ushujaa mbele ya wenzako? Wifi yangu hajambo? Na Bosi wenu mdogo, meno ya mbele yameota? Mwambie shangazi yake anamdai tabasamu, hata la kibogoyo litapokelewa.

Sisi ni wazima. Kidonda cha Mama mguuni kinafunga vizuri. Namsafisha mwenyewe kila asubuhi kabla ya kwenda zamu, naye ananung'unika kama kuruta wa wiki ya kwanza. Ndiye mgonjwa pekee niliyebaki naye.

Barua yako niliipata Jumatano. Juu ya bahasha umeandika "Kwa Tabibu", kama ulivyozoea tangu nilipokuwa kambini. Mwenye duka anayetupokelea barua akanitania kwamba hakujua siku hizi walinzi wa getini wanaitwa matabibu. Nilicheka naye, nikaitia mfukoni.

Sasa hili swali lako. Unasema fomu ya kuomba kuacha jeshi inatakiwa mwisho wa mwezi huu, na kwamba fundi wa majenereta na majokofu mwenye miaka kumi na miwili kazini hawezi kukaa nyumbani wiki mbili bila kuitwa. Mdogo wangu, nilisema maneno hayo hayo. Nilijipiga kifua mpaka kikauma. Kwa hiyo nitakueleza yote yaliyonipata, na la mwisho Mama hajalijua. Ukipiga simu, funga mdomo.

Siku ya kuondoka nilipewa karatasi moja. Miaka kumi na sita, nimeshona watu chini ya lori huku mvua ikininyeshea mgongoni, nimezalisha wanawake kwenye mahema, nimekaa na vijana waliokuwa wakimwita mama yao mpaka wakanyamaza. Karatasi inasema: Kazi, askari. Tabia, nzuri sana. Basi. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya kurudisha viatu na blanketi, na mpumbavu mimi nikafurahia hilo la tabia.

Kwanza nilikwenda kwenye ofisi ya usajili wa matabibu. Karani alikuwa kijana mpole, sitamsingizia ukali. Aliniuliza chuo. Nikamwambia nilisomea kambini, nikamwonyesha cheti chenye muhuri wa kikosi. Akatafuta kwenye orodha yake, kidole kikashuka mpaka chini, akasema chuo hicho hakimo. Akaniuliza kama nimewahi kuzalisha. Nikamjibu, mara arobaini na tatu, na watoto wote walilia. Akaandika kwenye fomu yake: hana uzoefu uliothibitishwa. Akanishauri nianze mwaka wa kwanza, miaka mitatu, pamoja na mabinti ambao mimi ningeweza kuwazaa. Na Mama nimwache na nani?

Halafu kulikuwa na semina ya kutusaidia sisi tuliovua gwanda kupata kazi uraiani. Mkufunzi alivaa suti iliyombana mpaka nikawa namhesabia pumzi. Alichukua maelezo yangu ya kazi akayapitia kwa kalamu nyekundu. Neno "vita" likatoka. "Majeruhi" akalifuta, juu yake akaandika "wateja". Nikamwuliza, mteja aliyekatika mguu ndiye mteja gani? Darasa zima likacheka, ila yeye hakucheka, akaniambia mtazamo wangu ndio utakaonikwamisha.

Kampuni ya ulinzi haikuniuliza chochote. Walisoma neno "askari", wakanipa kofia siku hiyo hiyo. Ndivyo nilivyorudi hospitali mdogo wangu, kwa kupitia getini. Nafungua, nafunga, nawaandika wageni kwenye daftari. Kupitia dirisha la mapokezi nawaona wauguzi wakitafuta mshipa wa mtoto mara tano, mara sita, na vidole vyangu vinawasha. Nimezoea kugeuka kutazama barabara.

Basi Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, wakaja vijana watatu wanasukuma mkokoteni mbio. Juu yake fundi wa paa, bati limemteleza na kumkata paja. Damu ilikuwa inaruka. Wewe unajua ile inayotiririka na ile inayoruka, hata wewe wa majenereta ulifundishwa. Pale mapokezi kulikuwa na foleni, na wenzake wakaambiwa wakate kadi kwanza. Sikufikiri. Nilivua mkanda wangu wa kiunoni, nikaufunga juu ya jeraha, nikasokota kwa rungu langu la ulinzi mpaka damu ikakoma. Yule fundi alinitukana matusi ambayo sijayasikia tangu kambini, nikajua huyu ataishi.

Kisha nikafanya kile mikono yangu ilichozoea. Nilichukua ile kalamu nene ya kuandikia namba za magari, nikamwandika kwenye paji la uso: 4.10. Unajua kwa nini. Mguu uliokazwa vile una saa zake, zikipita unakufa, na karatasi inaweza kupotea lakini mgonjwa hawezi kuacha uso wake nyuma. Kwetu jeshini hakuna asiyelijua hilo. Huku hakuna anayelijua.

Matroni akatoka, akaona mtu ameandikwa usoni kama gunia la sokoni. Akachukua pamba na spiriti, akaanza kumfuta. Nami nikapaza sauti, ile ya paredi: "Acha! Usifute!" Mdogo wangu, ukumbi mzima uliganda. Mlinzi wa getini amemwamuru matroni mbele ya wagonjwa. Yeye mkono ulibaki hewani, na nusu ya saa yangu ilikuwa imeshafutika.

Daktari kijana akafika, akasoma kilichobaki, akaniuliza mimi dakika, mimi mwenyewe, akitazama uso wangu. Nikamwambia, kumi. Akaingia naye chumba cha upasuaji bila kupoteza muda. Mguu umenusurika. Nasikia ameshaanza kuutembeza kwa magongo, na bado anatukana. Kwa saa mbili hivi nilikuwa mtu, acha nikwambie ukweli. Nilisimama pale getini nimenyooka kama mshumaa.

Ijumaa nikaitwa ofisini. Kulikuwa na katibu wa hospitali, bosi wangu wa ulinzi, matroni, na yule daktari. Ndugu za fundi wamelalamika kwamba ndugu yao ameandikwa usoni kama ng'ombe wa mnada. Matroni amelalamika kwa lake. Nilieleza, tena kwa adabu, mikono nyuma. Nikamtazama daktari anisaidie neno moja tu. Alikuwa anatazama simu yake. Sikumchukia matroni hata kidogo, maana yeye alifuta asichokijua. Yule daktari aliisoma saa yangu akaitumia, halafu akanyamaza. Huyo sitamsamehe, na usiniambie nimsamehe.

Wakanisogezea karatasi imeshachapwa. Inasema kwamba mimi, mlinzi, sina ujuzi wowote wa tiba, kwamba nilimgusa mgonjwa kwa kutokujua, na kwamba sitarudia. Nikitia sahihi, nabaki na kazi. Nisipotia, nirudishe kofia hapo hapo. Nilimfikiria Mama, na bandeji zake ambazo wafanyakazi wa pale tunapewa bure dirishani.

Nimetia sahihi. Mwenyewe, kwa mkono huu unaokuandikia. Na nilipomaliza jina langu, kalamu ikaendelea yenyewe, nikaandika na saa pembeni: 8.20. Katibu akaniuliza hiyo ni nini. Nikamwambia ni mazoea tu.

Sasa nisikilize. Usijaze ile fomu mwezi huu. Wewe bado uko ndani, bado una ofisa anayelazimika kukuandikia ukimwomba kwa utaratibu. Mwambie aandike kila ulichofanya kwa maneno ya raia: jenereta gani umelifungua na kulifunga, jokofu la dawa ulilolitengeneza, watu wangapi umewafundisha, na tarehe zake. Asikuandikie "mtaalamu wa vifaa daraja la kwanza", huku hilo halisomeki. Kisha omba ruhusa ukafanye mtihani wa ufundi wa kiraia ungali na sare mwilini, upate karatasi yenye muhuri wanaoujua wao. Ikikuchukua mwaka, uchukue mwaka. Wenzako watakuita mwoga, waache wakuite. Mimi nilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani na sikuwa na wa kuniambia. Usifanye ubishi wako wa utotoni kwenye hili, nakuomba. Sitaki siku moja nikukute getini kama mimi, unafungulia gari la fundi asiyekufikia hata kwenye kukaza nati.

Nisalimie sana wifi, na mwambie kitambaa alichonitumia nimekishona na kimenikaa. Mbusu Bosi. Msalimie sajini wako mwenye kikohozi, aache sigara, huo ni ushauri wa bure wa mtu asiye na ujuzi. Mama anakusalimu na anasema ule, ulale, na usikopeshe viatu vyako. Mungu akuzungushie ulinzi wake huko uliko, akurudishe kwetu mzima na karatasi zako zote mkononi.

Na ukinijibu, usiandike tena "Kwa Tabibu" juu ya bahasha. Andika jina langu tu. Nimeshatia sahihi.

Wako akupendaye daima,
Dada yako.