Nani Anachota Maji ya Bweni?

Bweni la Wasichana,
Kharumwa.

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umetulia. Mama yangu, Mayu, hajambo? Mwambie karanga zilifika, na wenzangu wanamshukuru huku wakitafuna. Mimi sijambo, ila kiu.

Baba, klabu yetu ya habari imebadilika. Zamani gazeti letu la ukutani lilikuwa la kusifu wageni wa shule tu. Sasa Mwalimu Serafina anataka tuandike tunayoyaona wenyewe, kisha tuyasome mstarini kila Ijumaa. Mimi nimepewa habari ya maji. Tangi la bweni hujazwa jioni, lakini tukiamka tunalikuta tupu, na tunaingia darasani bila kuoga.

Kila mtu anamshuku mwenzake. Walianza na wapishi. Kisha madumu ya bweni, yenye alama nyekundu, yakaonekana kwenye pikipiki ya mjomba wake Blessing, mwanaklabu mwenzangu. Tangu hapo akiingia, watu wananyamaza. Violeth alimuuliza mbele ya wote kama alikuja klabuni kuandika au kupeleleza. Blessing alijibu kwamba mjomba wake ni bodaboda, hubeba anachopakiwa. Je, mjomba angebeba jeneza, yeye ndiye angekuwa maiti? Ijumaa watapiga kura afukuzwe klabuni.

Mimi sikuridhika. Jumamosi, tuliporuhusiwa kwenda sokoni, nilimwomba yule mjomba anionyeshe yanakokwenda maji. Alinitazama sana, akauliza jina la baba yangu ni nani, halafu akauliza tena kama kweli nataka kujua.

Baba, pikipiki ilisimama kwenye mwalo wako wa kuoshea dhahabu.

Kibarua wako Kalisti alikuwa anaosha mchanga. Alinikaribisha kwa furaha, akiniita ng'wana Masalu, mtoto wa Masalu, akidhani umenituma. Akanieleza bila kuficha kwamba mlinzi wetu wa shule ndiye hufungua bomba la tangi usiku, na kwamba ulipatana naye wewe mwenyewe baada ya kisima chako kukauka.

Sijamwambia mtu yeyote, hata mwalimu. Najua kwetu mtoto hamhoji baba yake. Lakini kanuni ya klabu ni kwamba anayetajwa asikilizwe kabla habari haijasomwa. Kwa hiyo nakuuliza kwa heshima: ni kweli? Je, ulijua kwamba ni maji ninayooga mimi? Chini ya habari nimeacha mistari mitupu kwa ajili ya maneno yako. Nitayasoma yote kama utakavyoyaandika. Usipojibu, nitasoma kwamba hukujibu, kwa sababu Blessing hawezi kufukuzwa kwa jambo la nyumbani kwetu.

Bado natumaini kuna neno lako nisilolijua.

Nisalimie Mayu na wadogo zangu. Aliyekuletea barua hii ndiye mjomba wa Blessing. Nimemwomba asiondoke hapo mpaka umpe jibu.

Mwanao akupendaye,
Limi Masalu